Tiketi Iwe ya Mwisho: Ushauri kwa Anayeishi Ulaya na Kutaka Kuvuka Mpaka

Msimu wa harusi na likizo za shule ukikaribia, simu za jamaa waliotawanyika Ulaya huwa hazikatiki. Dada yuko Birmingham, kaka yuko Antwerp, binamu anasoma Leipzig, mama mdogo amehamia Dublin kwa kazi ya uuguzi. Mtu anafungua simu yake usiku, anakuta nauli ya ndege ni ya kutupa, analipa papo hapo, na kesho yake ndipo anauliza kwenye kundi la familia: "Hivi, nitahitaji viza?" Jibu likiwa ndiyo, nauli imekwenda na maji. Mara nyingi hata harusi yenyewe hupita kabla miadi ya kupeleka maombi haijapatikana.

Ninamwandikia mtu anayeishi nchi moja ya Ulaya kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, na anataka kutembelea nchi nyingine ya bara hilo hilo. Neno langu kwake ni moja: kibali cha kuishi nchi moja hakimfungulii mlango wa kila jirani. Kinachomfungulia ni mambo matatu yakisomwa pamoja, yaani pasipoti aliyo nayo, kibali anachoishia, na upande anakokwenda. Ukiyajua hayo kabla ya kugusa tiketi, sehemu kubwa ya safari umeshaimaliza.

Asidhani mkaazi wa siku nyingi kwamba hili ni la wageni tu. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo Mkenya aliyepata uraia wa Ufaransa anaweza kutembea na pasipoti mbili mfukoni. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Ndiyo maana utamkuta Mtanzania aliyelea watoto wake Stockholm, anayelipa kodi huko na kuzungumza Kiswidi kama wenyeji, lakini mpakani bado ni mwenye pasipoti ya Tanzania. Huyo naye ushauri huu unamhusu.

Ijue ramani ya vibali

Mwaka 1985 nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi, zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao. Utiaji saini ulifanyika katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, na jina la kijiji likawa jina la eneo zima. Leo eneo la Schengen lina nchi 29. Kroatia iliingia Januari 2023, na Bulgaria na Romania ziliingia kikamilifu 1 Januari 2025.

Umoja wa Ulaya ni kitu kingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Nchi 25 za Umoja huo zimo ndani ya Schengen. Norwei, Iceland, Uswisi na Liechtenstein zimo Schengen ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja lakini hazimo Schengen. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, na mwaka 2020 ilitoka kwenye Umoja wenyewe. Serbia, Albania, Bosnia na Montenegro kila moja ina sheria zake za kuingia.

Kwa hiyo ukiuliza, "Je, naweza kwenda?", usiulize kwa jina la bara. Uliza: ninaishi ndani ya Schengen au nje yake, na ninakokwenda ni ndani au nje? Majibu ni manne tu, na kila moja lina njia yake.

Unaishi ndani ya Schengen, unakwenda ndani ya Schengen

Hii ndiyo njia nyepesi. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha Ujerumani, kwa mfano, anaweza kwenda Ufaransa, Italia au Uswisi bila viza, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Masharti ni awe na pasipoti halali, kibali halali, fedha za kujikimu na sababu ya kweli ya safari. Ruhusa hii ni ya kutembea. Haikupi haki ya kufanya kazi huko, hata kama ni zamu mbili za kumsaidia rafiki mwenye mgahawa.

Beba pasipoti pamoja na kadi ya kibali, vyote viwili, na viwe vyenyewe si picha kwenye simu. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Uholanzi ikafuata Desemba mwaka huo, na Poland ikaanza kukagua mipaka yake na Ujerumani na Lithuania mwaka 2025. Nchi nyingine, kama Austria, Denmark na Ufaransa, zina ukaguzi wa aina hiyo kwa miaka kadhaa sasa. Basi la usiku kutoka Brussels kwenda Köln linaweza kusimamishwa, askari wakapanda na kuomba hati kiti kwa kiti. Aliyeacha pasipoti nyumbani kwa kuamini kwamba kadi inatosha ataanza safari yake kwa maelezo marefu kando ya barabara.

Ikiwa kadi yako iko kwenye kuongezwa muda na umepewa karatasi ya kusubiri, usiichukulie karatasi hiyo kuwa sawa na kadi. Zipo zinazokuruhusu kurudi katika nchi uliyoipatia lakini hazikupi ruhusa ya wazi ya kuingia kwa jirani. Waulize kwa maandishi maofisa wa uhamiaji wa unakoishi, na jibu lao ulichapishe ubebe.

Kuhusu matibabu, aliye kwenye bima ya afya ya taifa katika nchi ya Umoja wa Ulaya hupewa kadi ya bima ya afya ya Ulaya, na kwa kadi hiyo hutibiwa katika nchi nyingine za Umoja kwa masharti ya wenyeji. Lakini kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya, kadi hiyo haitumiki Denmark, Norwei, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Mtanzania wa Hamburg anayevuka kwenda Copenhagen kwa wikiendi moja anahitaji bima ya safari, hata kama jirani yake Mjerumani haihitaji.

Unaishi Uingereza au Ireland, unakwenda Schengen

Hapa viza ni lazima. Utaiomba ukiwa unakoishi kihalali, huna haja ya kurudi Nairobi wala Dar es Salaam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Baada ya kupokelewa, uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na katika maombi yenye utata muda huo unaweza kufika siku 45. Hesabu hizo huanza ombi likishapokelewa. Miadi yenyewe, hasa kabla ya Pasaka, kiangazi na Krismasi, inaweza kukuweka wiki nyingi. Mwenye harusi ya Agosti aanze kutafuta miadi Machi au Aprili.

Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukikaa siku tano Paris na mbili Brussels, ombi ni la Ufaransa. Siku zikiwa sawa, utaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Wapo wanaoomba kwa nchi yenye miadi ya haraka huku safari yao ni ya kwingine. Viza ikitoka kwa njia hiyo, ofisa wa mpakani anaweza kuuliza hoteli yako iko wapi, na jibu lisilolingana na viza linaweza kukurudisha ulikotoka. Tena rekodi hiyo itakusubiri kwenye ombi la mbele.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen. Kibali chako cha Uingereza nacho kinatakiwa kivuke miezi mitatu baada ya safari. Wengi sasa hawana kadi ya plastiki tena, kwa sababu hadhi zao zimehamia kwenye mfumo wa kidijitali. Ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji mapema uhakikishe pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na hadhi hiyo. Aliyebadilisha pasipoti na kusahau kuisajili mpya anaweza kuzuiwa na shirika la ndege siku ya kurudi, kwa kuwa mashirika hutozwa faini yakimbeba abiria asiye na ruhusa ya kuingia.

Ada ya viza tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo cha kupokea maombi huongeza ada yake ya huduma juu ya hapo. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua yuro 30,000, itambulike nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kurudishwa nyumbani, awe mgonjwa au maiti. Alama za vidole huhifadhiwa kwa miezi 59, kwa hiyo aliyezitoa miaka mitatu iliyopita huenda asitakiwe kuzitoa tena. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi.

Msilipe watu wanaouza miadi. Wapo wanaozikamata nafasi za bure na kuziuza mitandaoni, na wapo wasiouza chochote ila karatasi ya uongo. Nafasi za walioghairi hufunguka kila mara, na mtu mwenye subira ya kuangalia ukurasa rasmi asubuhi na jioni huzipata.

Unaishi Schengen, unakwenda Uingereza au Ireland

Kadi ya ukaazi ya Ufaransa haina nguvu Heathrow. Pia tumesikia habari nyingi za ile ruhusa ya kielektroniki ya Uingereza inayopatikana kwa simu kwa pauni chache. Hiyo ni kwa raia wa nchi zisizohitaji viza. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani bado wanaomba viza ya mgeni, iliyogharimu pauni 127 mwaka 2025 kwa ziara isiyozidi miezi sita.

Ireland nayo ina viza yake. Ya kuingia mara moja ni yuro 60, ya kuingia mara nyingi ni yuro 100. Kwa anayetoka nje ya Schengen kwenda nje, ambayo ndiyo njia ya nne, mtego mkubwa uko kisiwani kwenyewe. Basi kutoka Dublin hadi Belfast hupita bila kizuizi, huoni hata kibanda cha askari, na abiria anadhani sheria imelala. Sheria ipo. Mkenya mwenye kibali cha Ireland anahitaji viza ya Uingereza ili aingie Belfast, na Mkenya mwenye kibali cha Uingereza anahitaji viza ya Ireland ili aingie Dublin. Maofisa hufanya ukaguzi wa ghafla kwenye mabasi na treni, na anayekutwa bila ruhusa huandikiwa rekodi ambayo hakuitarajia.

Ukipitia uwanja wa ndege wa nchi ya tatu, uliza pia viza ya kupita. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo kwenye orodha ya nchi 12 ambazo watu wake huhitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu katika viwanja vya Schengen, isipokuwa kwa wenye vibali fulani vinavyosamehe sharti hilo.

Faili liseme hadithi moja

Ofisa anayesoma ombi lako hakujui na hatakupigia simu akuulize. Ana karatasi tu. Kazi yako ni kuhakikisha kila karatasi inasema sawa na mwenzake: barua ya mwajiri iseme likizo ni 3 hadi 14 Agosti, hifadhi ya ndege iseme hivyo, malazi yaseme hivyo, na bima iseme hivyo. Tarehe moja ikipishana, shaka huingia kwenye faili zima.

Anza na majina. Kwetu jina moja huandikwa kwa namna nyingi: pasipoti inasema Mohamed, benki inasema Muhammed, mkataba wa kazi una majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina matatu. Kwako wewe ni mtu yule yule. Kwa msomaji wa faili ni watu wawili hadi athibitishiwe. Rekebisha panaporekebishika, na pasiporekebishika weka barua fupi ya maelezo pamoja na kiapo. Cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa na nchi unayoiomba.

Kisha benki. Hutakiwa taarifa za miezi mitatu kwa kawaida, na kinachotazamwa ni mwendo wa fedha kuliko salio la mwisho. Mshahara unaingia lini, kodi ya nyumba inatoka lini, kinabaki nini? Sasa fikiria zamu yako ya upatu imefika, na pauni 2,000 zinaingia kwenye akaunti wiki moja kabla ya miadi. Wewe unajua ni akiba yako ya mwaka mzima, lakini ofisa anaona fedha za kuazima zilizowekwa ili zionekane. Usizifiche, wala usizipitishe kwa akaunti ya rafiki. Ambatanisha barua ya mweka hazina wa chama na kumbukumbu za michango yako ya kila mwezi, ukaweka alama kwenye kila mchango ndani ya taarifa ya benki. Fedha yenye maelezo haina tatizo.

Kila nchi ina kiwango chake cha fedha za kujikimu. Ufaransa hudai yuro 65 kwa siku kwa aliyelipia hoteli, yuro 120 kwa asiye na hoteli, na yuro 32.50 kwa anayefikia kwa mwenyeji mwenye hati rasmi ya kupokea mgeni. Hati hiyo mwenyeji huichukua kwenye ofisi ya meya wa mji wake, na hulipia stempu ya yuro 30. Barua ya kawaida ya "karibu kwetu" haichukui nafasi yake. Ujerumani ina hati ya mwenyeji kubeba gharama, ambayo huisaini mbele ya ofisi ya wageni. Mwambie ndugu yako ukweli kabla hajaisaini: ukiugua au ukikaa kupita muda, serikali inaweza kumdai yeye. Ni deni la kweli, na mwenyeji aamue akiwa anajua.

Andika barua ya maelezo ya ukurasa mmoja. Sema wewe ni nani, unaishi wapi kwa kibali gani, unafanya kazi gani, unakwenda kwa nani na kwa nini, utarudi lini na nini kinakurudisha. Usinakili barua ya mtu mwingine. Maofisa husoma barua nyingi, na sentensi zile zile zikirudi kwa majina tofauti huzitambua.

Usilipe tiketi isiyorudishika kabla viza haijatoka. Hifadhi ya ndege na malazi yanayoghairika bila gharama yanatosha kwenye ombi.

Viza ikitoka, isome kabla ya kufurahi

Kaa chini na stika hiyo mwanga ukiwa mzuri. Soma jina na namba ya pasipoti, herufi kwa herufi. Kisha tazama tarehe za kuanza na kuisha, idadi ya kuingia, na idadi ya siku za kukaa. Hizi za mwisho ndizo zinazowaponza watu. Viza ya kuingia mara moja huongezwa siku 15 za ziada kwenye tarehe, ili safari ikisogea mtu asiathirike. Kwa hiyo unaweza kuona viza inayoanza 1 Agosti na kuisha 25 Agosti, na pale penye siku za kukaa pameandikwa 10. Ruhusa yako ni siku kumi ndani ya kipindi hicho. Anayekaa hadi tarehe 25 amevunja sheria huku ameshika viza ambayo haijaisha.

Idadi ya kuingia nayo ina maana yake. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ukatoka Paris kwenda London siku mbili kumwona shangazi, viza hiyo imekwisha siku uliyotoka. Kurudi Paris kuchukua ndege yako ni kuingia mara ya pili. Mwenye ratiba kama hiyo aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, aeleze sababu kwenye barua.

Anayeheshimu viza zake hujijengea njia. Kanuni zinaelekeza kwamba aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili apewe ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano, akiendelea kutimiza masharti. Kupewa si lazima, lakini aliyekuwa mwaminifu ana hoja ya kuidai.

Hesabu siku zako mwenyewe

Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa. Tuseme una viza ya kuingia mara nyingi. Ulikaa 10 hadi 29 Januari: siku 20. Ukakaa Aprili yote: siku 30. Ukitaka kuingia tena 15 Juni, utatazama nyuma siku 180, ambazo zinafika 18 Desemba. Siku zote 50 zimo ndani, zimebaki 40. Siku za Januari zitaanza kutoka hesabuni moja moja kuanzia 9 Julai. Hakuna kuanza upya kwa sababu umetoka na kurudi.

Zamani mtu alitegemea mihuri iliyofifia. Mfumo mpya wa kusajili kuingia na kutoka ulianza 12 Oktoba 2025, ukaenezwa hatua kwa hatua, na ratiba ikaweka 10 Aprili 2026 kuwa siku ya kutumika kikamilifu. Husajili uso na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe. Wenye vibali vya ukaazi vya nchi za Schengen hawasajiliwi humo. Anayepanda treni ya kwenda Paris kutoka St Pancras, London, hukaguliwa na polisi wa Ufaransa hapo hapo kabla ya kupanda, kwa hiyo afike mapema.

Ukinyimwa

Utapewa fomu yenye sababu iliyotiwa alama. Isome polepole. "Lengo la safari halikuthibitishwa" ni tatizo la karatasi, na dawa yake ni karatasi bora zaidi. "Kuna shaka juu ya nia ya kurudi" inadai ushahidi wa kazi, masomo, familia na makazi. Ada hairudi. Una haki ya kukata rufaa kwa nchi iliyokunyima, na muda na njia vimeandikwa kwenye fomu. Ujerumani ilifuta tangu 1 Julai 2025 utaratibu wa kuuomba ubalozi upitie upya uamuzi wake, kwa hiyo kwao ni kuomba upya au kwenda mahakamani. Ombi jipya lenye karatasi zile zile litapata jibu lile lile. Na swali la "umewahi kunyimwa viza?" lijibiwe kwa kweli daima.

Familia, watoto na wakimbizi

Mume au mke wa raia wa Umoja wa Ulaya ana nafuu ambayo wengi hawaidai. Akisafiri pamoja na mwenzake, au kumfuata, katika nchi ya Umoja isiyo ya uraia wa mwenzake, viza yake haina ada na inatakiwa ishughulikiwe kwa haraka. Anayepeleka ombi kama hilo aseme wazi kwamba anaomba kama mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya, akiwa na cheti cha ndoa mkononi.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, shangazi au bibi awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kwa mtoto anayeishi Ufaransa na kusafiri bila mzazi, kuna fomu maalumu ya ruhusa ya kutoka nchini tangu Januari 2017.

Kwa ndugu zetu waliopewa hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Burundi, safirini kwa hati ya mkimbizi mliyopewa na nchi iliyowapokea. Msichukue pasipoti ya nchi mliyoikimbia kwa sababu tu inaonekana rahisi. Kufanya hivyo kunaweza kuitilia shaka hifadhi yenyewe.

Mzigo wa zawadi

Ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka nje, Uingereza ikiwemo, nyama na maziwa haviruhusiwi, hata kama ni sambusa za nyama za harusi zilizokaangwa alfajiri. Samaki, wakiwemo dagaa wakavu, wanaruhusiwa hadi kilo 20. Katika matunda, nanasi, ndizi, nazi na tende hupita bila cheti cha afya ya mimea, lakini embe halipiti. Fedha taslimu za yuro 10,000 au zaidi ni lazima zitangazwe forodhani.

Msiba hausubiri

Kuna safari zisizopangika. Mtu akifiwa, wapigie ubalozi na kituo cha maombi siku hiyo hiyo, uwe na cheti cha kifo au barua ya hospitali, uthibitisho wa undugu na barua ya mwajiri. Kanuni huruhusu ombi lipokelewe chini ya siku 15 kabla ya safari panapokuwa na dharura ya kweli. Lakini hilo huwezekana kwa aliye tayari: pasipoti yenye muda, hadhi iliyounganishwa, vyeti vilivyotafsiriwa, majina yaliyonyooshwa. Yatengeneze hayo sasa, wakati hakuna anayelia.

Mwaka huu, basi, badilisha mpangilio. Anza na pasipoti na kibali, uone vina muda gani. Fuata ramani, ujue uko upande upi na unakwenda upi. Kisha kalenda, kisha bima na benki, kisha barua. Tiketi iwe ya mwisho. Ukiwa na mdogo wako aliyefika Ulaya juzi, kaa naye jioni moja mpitie hatua hizi pamoja, maana yeye ndiye atakayeona nauli ya kutupa na kuamini kwamba bara lote ni mlango mmoja.